Likizo ya Juni, Pamba na Masomo ya Mtandaoni

Maelezo ya mjumbe wa kamati ya elimu katika mkutano mkuu wa mwaka, kabla ya harambee

 

Nimepewa dakika ishirini kuzungumzia pendekezo moja lililo kwenye ajenda. Pendekezo linasema kwamba fedha za elimu za mwaka huu zinunue vishikwambi, kila mtahiniwa wa kidato cha nne katika shule tutakazozichagua apewe kimoja, ili likizo ya Juni asome masomo ya haraka kwa mtandao. Limeletwa na wenzetu walio ng'ambo, hasa Marekani, na wameliandika kwa moyo mzuri. Mimi naliunga mkono nusu. Naomba nieleze ni nusu ipi, kwa sababu fedha tunazotaka kuchangisha hapa ni za watu waliojinyima, na zikishageuka vishikwambi hazirudi kuwa fedha.

Kwanza tuwatendee haki wenzetu. Huko waliko, shule hufungwa kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, na mwanafunzi wa sekondari anaweza kuchukua somo ambalo kwa kawaida lingechukua nusu mwaka akalimaliza kwa wiki chache. Wengine hufanya hivyo ili wapate nafasi ya somo jingine mwaka unaofuata, wengine ili warudie somo walilofeli. Mengi ya masomo hayo sasa yanafanyika kwenye kompyuta. Jimbo la Florida lina shule ya serikali ya mtandaoni iliyoanza mwaka 1997, kwa hiyo jambo hili si la majaribio kwao. Mtu akiona mwanawe anamaliza somo zima mezani jikoni kwa wiki sita, halafu akamkumbuka binamu yake aliyeko Nkololo au Mwandoya, ni halali aseme: kwa nini na yeye asipate?

Sasa, Chicago walifanya utafiti unaotuhusu moja kwa moja. Kiangazi cha 2011 na cha 2012, katika sekondari za umma za jiji lile, walichukua wanafunzi waliofeli Aljebra wakawagawa kwa bahati nasibu mafungu mawili. Fungu moja lilirudia somo na mwalimu ubaoni, fungu la pili likarudia kwa mtandao. Katika kila wanafunzi 100 waliokuwa na mwalimu, 76 walifaulu kulikomboa somo. Wa mtandaoni walikuwa 66. Na hao wa mtandaoni hawakuachwa nyumbani peke yao. Walikaa kwenye chumba shuleni, wakiwa na msimamizi, kompyuta na intaneti, na mwalimu mwenye sifa upande wa pili wa mtandao. Hata hivyo walisema somo ni gumu zaidi.

Kuna jambo la pili waliloligundua watafiti, na kwangu ndilo kubwa. Pale ambapo msimamizi wa chumba alikuwa anainama na kumwelekeza mwanafunzi hesabu, badala ya kulinda mlango na kuandika mahudhurio, wanafunzi wengi zaidi walifaulu. Ndugu zangu, hilo ndilo ninalotaka tuamue leo. Masomo ya haraka kwa mtandao yanamfaa mtoto mwenye msingi. Mtoto mwenye mashimo kwenye msingi anahitaji mtu chumbani. Watahiniwa wetu wengi wako kundi la pili.

Tuje nyumbani. Likizo ya Juni kwetu inaangukia wakati gani? Hapa hakuna asiyejua. Pamba tuliyoipanda Novemba na Desemba imepasuka, shamba limekuwa jeupe, msimu wa ununuzi umefunguliwa, AMCOS imetoa mizani. Kila mkono wenye vidole unahitajika shambani. Mtoto wa kidato cha nne aliyerudi nyumbani na kishikwambi ataamka saa kumi na moja aende kuchuma, atarudi jioni amechoka, na hapo ndipo tunategemea afungue somo la logarithimu kwa Kiingereza, kwa mwanga wa taa ya sola ambayo mdogo wake naye anaitaka. Sisemi mzazi wake ni mbaya. Pamba ile ndiyo inayolipa sare yake. Ninachosema ni kwamba mtoto akiwa nyumbani Juni, shamba litashinda, na sisi tuliokua kule tunajua litashinda.

Tena tulishaona. Mwaka 2020 shule zilifungwa tarehe 17 Machi kwa sababu ya korona. Kidato cha sita walirudi tarehe 1 Juni, wengine wote tarehe 29 Juni. Katika miezi ile mitatu masomo yalirushwa kwenye televisheni na redio, Taasisi ya Elimu Tanzania iliweka vitabu vyake mtandaoni, na majukwaa kama Shule Direct yalikuwapo tangu kabla ya hapo. Vifaa vya kusomea havikukosekana. Mwenye mzazi wa kumsimamia, chumba na bando alisoma. Mtoto wa Gambosi alichunga ng'ombe. Waliporudi darasani, mwalimu mmoja alikuwa na madarasa mawili ndani ya chumba kimoja: waliosoma na wasiosoma. Sipendi tulipe fedha kuirudisha hali ile kwa hiari yetu.

Mtu ataniuliza, mbona mkoa wetu ulijulikana kwa masomo ya likizo? Ni kweli, na mfano huo ndio ninaoutaka. Mheshimiwa Anthony Mtaka alipokuwa Mkuu wa Mkoa wetu, kuanzia 2016 hadi 2021, Simiyu ilivuma kwa kambi za kitaaluma. Wanafunzi wa madarasa ya mitihani walitoka shule mbalimbali wakakusanywa sehemu moja, walimu wanaolijua somo vizuri wakapelekwa hapo, wadau wakachangia. Watu walizoea kuusikia mkoa huu ukitajwa kwa pamba, na kwa chaki tunazotengeneza kule Maswa; ghafla ukawa unatajwa kwa mitihani. Kilichofanya kazi pale ni kumtoa mtoto shambani kwa wiki kadhaa, kumlisha, na kumweka mbele ya mwalimu ambaye shuleni kwake hayupo. Hapakuwa na muujiza mwingine, na wala halikuwa jambo la kifaa.

Nikae kidogo kwenye Hisabati, mtanisamehe, ndilo somo nililofundisha. Ndilo pia somo linalowaangusha watoto nchi nzima. Miaka ya karibuni wanaofaulu kidato cha nne hawafiki theluthi moja ya watahiniwa. Wazazi wengi wanadhani mtihani ule ni mlima usiopandika. Hebu tuuangalie. Sehemu A ina maswali kumi, kila swali alama 6, jumla 60. Sehemu B ina maswali manne ya alama 10. Daraja D linaanzia alama 30. C inaanzia 45. Na sehemu kubwa ya yale maswali kumi ya mwanzo ni mada za kidato cha kwanza mpaka cha tatu: namba na sehemu, vipeo na logarithimu, seti, uwiano, faida na hasara, milinganyo, Pithagorasi. Mtoto akizishika mada sita tu kati ya hizo sawasawa, ameshavuka.

Kwa hiyo mtoto anayeelekea kupata F haangushwi na mada za kidato cha nne. Anaangushwa na sehemu. Hajui kujumlisha nusu na theluthi. Alifika kidato cha kwanza akitokea darasa la saba la Kiswahili, akaambiwa kila kitu kwa Kiingereza siku ya kwanza, na katika vurugu ile sehemu zikampita, aljebra ikajengwa juu ya kitu ambacho hakipo. Mtoto huyu ukimpa video inayokwenda mbio, inayodhani anajua sehemu, utakuwa umemfelisha mara ya pili, safari hii kwa rangi na muziki. Anachohitaji ni mtu wa kumwambia: acha hiyo, njoo tuanze na chungwa, tulikate.

Wala hatuhitaji kubahatisha ni wapi wanakwama. Baraza la Mitihani kila mwaka hutoa uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, swali kwa swali, pamoja na mifano ya majibu waliyoandika. Unapakuliwa bure kwenye tovuti yao, na mitihani iliyopita pia. Nimeusoma kwa miaka mingi na nawaambia makosa yanajirudia kama msimu. Mwalimu mzuri akikaa na taarifa hiyo siku mbili, ataandaa kambi ya wiki tatu yenye mada nane tu. Kumaliza silabasi kwenye likizo ni kujidanganya.

Sasa nusu ninayoiunga mkono.

Kuna likizo moja ndefu ambayo haimo kwenye pendekezo, na nashangaa. Kidato cha nne wanamaliza mtihani Novemba. Matokeo yanatoka Januari. Waliochaguliwa kidato cha tano wanaripoti Julai. Hesabuni: kama miezi saba! Mtoto aliyefaulu, mwenye akili yenye moto, anakaa nyumbani miezi saba anasahau. Wa mjini anapelekwa masomo ya awali ya kidato cha tano kwa kulipia. Wa kwetu analima, anapalilia, na Julai anakutana darasani na mwenzake aliyeshamaliza mada tatu za Fizikia. Huyu ndiye wa mtandao. Msingi anao, ameshazoea Kiingereza cha vitabu, hamu anayo, na muda anao mwingi kuliko mkulima yeyote wa pamba. Mpeni masomo ya haraka, atayameza. Atahitaji mwongozo mara moja kwa wiki, ratiba iliyobandikwa ukutani, na mahali penye umeme.

Na kuna kundi jingine ambalo tukikutana hapa hatulitaji, labda kwa sababu linatuuma. Mabinti walioacha shule. Wengine kwa ujauzito, wengine kwa kuozwa. Tusifiche, sisi ni Wasukuma, tunajua habari za ng'ombe za mahari. Novemba 2021 Serikali iliruhusu walioacha shule kwa sababu mbalimbali, wakiwamo waliopata ujauzito, kurudi kwenye mfumo rasmi. Kwa asiyetaka au asiyeweza kurudi kukaa na wadogo zake darasani, ipo njia ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima: kidato cha kwanza na cha pili kwa mwaka mmoja, cha tatu na cha nne kwa mwaka mwingine. Miaka minne inafanywa miwili. Hayo ndiyo masomo ya haraka yenye utaratibu wa Serikali, na mtihani wake unatambulika. Binti mwenye mtoto mgongoni hawezi kuja kituoni kila siku. Akikosa kipindi cha Jumanne, somo lililohifadhiwa kwenye kompyuta linamsubiri Alhamisi. Kwake mtandao una maana kuliko kwa mtu mwingine yeyote niliyemtaja.

Kwa hiyo badala ya vishikwambi vilivyotawanyika, naomba tujenge chumba kimoja. Kwa kuanzia, kimoja. Kiwe mahali mtu anapofika kwa baiskeli au bodaboda bila kulala njiani. Kiwe na sola na betri, meza, projekta, kompyuta kumi na tano au ishirini zilizotumika lakini nzima. Novemba mpaka Juni mapema asubuhi ni ya wanaosubiri kidato cha tano. Mchana ni ya mabinti wa njia mbadala, mwaka mzima. Wiki tatu za Juni kinakuwa ofisi ya kambi ya watahiniwa, kukiwa na walimu wawili wa Hisabati na mmoja wa Kiingereza, na jiko nje.

Kuhusu intaneti, vijana wetu wa kompyuta wamenieleza jambo lililonifurahisha. Kuna programu ya bure inaitwa Kolibri. Mnapakua masomo mara moja mahali penye mtandao mzuri, mnayaweka kwenye kompyuta moja, na kompyuta nyingine chumbani zinayasoma kutoka hapo bila bando hata la shilingi mia. Yamo masomo ya Hisabati na Sayansi, na tunaweza kuongeza yetu wenyewe. Kwa hiyo mnara ukizima, au mvua ikinyesha wiki nzima, somo linaendelea. Mwalimu wetu akirekodi sehemu na logarithimu kwa Kiingereza cha polepole, akichanganya Kiswahili pale mtoto anapopotea, tutakuwa na kitu ambacho hakuna mtu wa California atatutengenezea. Angalizo moja: mitaala iliyoboreshwa imeanza kutumika kwa awamu tangu Januari 2024, kwa hiyo kabla ya kupakua chochote mwalimu akilinganishe na muhtasari wa darasa husika. Video nzuri ya mada isiyokuwapo tena ni hasara.

Mtu wa kule mbele ameninong'oneza, je, kishikwambi si kitamsaidia walau mwalimu? Kweli, lakini walimu wengi walishapewa vile vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022. Vipo. Kinachokosekana ni siku ya mwalimu. Mwalimu naye ana shamba lake la pamba Juni, ana watoto wake, na likizo ni haki yake. Tukimtaka aiache, tumlipe posho ya heshima, tumlipe kwa wakati, na tusimwite mzalendo badala ya kumlipa.

Halafu suala la utaratibu. Elimu ya kidato cha kwanza hadi cha nne haina ada tangu Januari 2016, na Serikali imekuwa na maelekezo makali kuhusu shule kuwabakiza wanafunzi likizo na kuwatoza wazazi. Umoja wetu usiingie huko kwa mlango wa nyuma. Mwenyekiti na Katibu waende kwa Afisa Elimu Sekondari wa halmashauri wakiwa na barua, waeleze kwamba kambi ni ya hiari, mzazi anatia sahihi, mzazi hatozwi kitu, na chakula tunachangia sisi. Wakikataliwa, turudi hapa tujadili. Wakikubaliwa, tupate kibali kwa maandishi.

Wasichana watakaolala kambini wawe na matroni wa kuajiriwa na bweni lenye kufuli. Hilo si la kupigia kura. Bila matroni, hakuna kambi ya kulala. Wasichana wa mbali watafutiwe familia, na kamati ya wazazi iende kuziona familia hizo kwanza.

Kwenye mzazi na pamba, nimezungumza na baadhi yenu mlio na mashamba. Wazo lililotoka kwa mama mmoja wa Itilima ni zuri kuliko yangu yote: kambi isianze siku shule inapofungwa. Mtoto aende nyumbani kwanza, achume siku kumi, baba yake aone mikono yake, ndipo aje kambini. Mzazi aliyesaidiwa siku kumi atatoa ruhusa kwa wiki mbili na siku kadhaa. Aliyenyang'anywa mtoto siku ya kwanza atamfuata kambini na fimbo. Nimelikubali wazo hilo na nimefupisha kambi ili liwezekane.

Sasa tunachoomba. Mezani pa mhasibu kuna fomu tatu. Ya kwanza ni ya chumba na sola. Ya pili ni ya posho za walimu na matroni. Hii ndiyo watu huipita, kwa sababu haina kibao cha kuandikwa jina la mfadhili, na mimi ningeanza nayo. Ya tatu ni ya chakula: ukitoa gunia la mahindi au debe la maharage linaandikwa vilevile kama fedha. Wenzetu wa ng'ambo, kompyuta zilizotumika tutazipokea, ila ulizeni kwanza bei ya kusafirisha na kodi, mara nyingine ni nafuu kutuma fedha zikanunue Mwanza.

Mwisho, nahitaji vijana wawili wanaojua kompyuta ambao wako tayari kwenda Bariadi wiki moja kabla ya Mei kuisha, kuweka yale masomo na kumfundisha mwalimu wa kituo namna ya kuyaongeza mwenyewe. Nauli ipo. Waliojibanza karibu na spika, nimewaona, njooni mniandikie majina kabla chakula hakijatoka.